Strimu zimeongezeka mara tatu, pesa haijafika mara mbili: jinsi ya kufuata mrabaha wako

Mwezi ambao wimbo wetu ulisikilizwa mara 300,000 kwa mara ya kwanza, mpiga ngoma wetu alinipigia simu usiku. "Dada, umeona? Miezi michache nyuma tulikuwa 100,000. Sasa tuko 300,000. Basi mgao wangu zidisha kwa tatu, maana nina mipango nao." Nikamwambia asipange chochote mpaka taarifa ya mapato ije. Ilikuja karibu miezi mitatu baadaye. Pesa ilikuwa imepanda, ila haikufika hata mara mbili ya ile ya awali. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kwa upole sana, na upole ule ndio ulioniuma: "Nyingine imekwenda wapi?"

Mimi napiga kinanda katika kundi la watu wanne, na huu ni mwaka wa saba nikiwa ndiye mwenye daftari la kundi. Mama yangu alikuwa haishi kusema mali bila daftari hupotea bila habari, na katika muziki wa mtandaoni sijaona neno la kweli kuliko hilo. Swali la mpiga ngoma lilinifanya nikae na zile karatasi upya, mstari kwa mstari, mpaka nikaweza kumjibu. Nayaandika hapa kwa ajili ya yeyote ambaye nyimbo zake zimeanza kusikilizwa na anataka kujua mrabaha, yaani pesa anayolipwa mwenye haki kazi yake inapotumika, unatembeaje.

Sahau bei ya strimu moja

Kosa la kwanza, na ndilo nusura litugombanishe, ni kudhani kuna bei. Kwamba mtu akisikiliza wimbo mara moja, mahali fulani kuna senti kadhaa zinadondoka kwenye kibubu chako, na akisikiliza mara mbili zinadondoka mara mbili. Majukwaa mengi makubwa ya kusikilizia muziki mtandaoni, kama Spotify, hayalipi hivyo. Yanalipa kwa mgao wa mfuko.

Fikiria hivi. Mwisho wa mwezi jukwaa linahesabu mapato yake: ada za waliojiunga kwa malipo, na pesa ya matangazo yanayosikika kwa wanaotumia bure. Sehemu kubwa inatengwa kwa ajili ya wenye haki za muziki. Spotify wenyewe husema wanalipa karibu theluthi mbili ya mapato yao. Fungu hilo ndilo mfuko. Kisha zinahesabiwa strimu zote za mwezi huo, za kila mwanamuziki, na kila mmoja anapata kwa uwiano wa strimu zake. Strimu yenyewe Spotify wanaihesabu pale mtu anapofikisha sekunde 30. Akiruka kwenye sekunde ya 25, hujapata kitu. Akisikiliza wimbo wa dakika tisa mpaka mwisho, ni strimu moja tu, sawa na wimbo wa dakika mbili.

Chukua kalamu tufanye hesabu niliyomfanyia mpiga ngoma nyuma ya bahasha. Namba hizi nimezitunga ili zigawanyike vizuri. Mwezi wa kwanza mfuko una dola 1,000,000, na strimu zote ni 250,000,000. Zako ni 500,000. Gawanya 500,000 kwa 250,000,000, unapata asilimia 0.2. Asilimia 0.2 ya milioni moja ni dola 2,000.

Mwaka unapita. Jukwaa limekua, mfuko sasa una dola 1,200,000. Lakini watu wanasikiliza kwa saa nyingi zaidi na nyimbo ni nyingi zaidi, hivyo strimu zote zimefika 400,000,000. Wewe umepanda kutoka 500,000 hadi 1,000,000, na una haki ya kushangilia. Sehemu yako ni asilimia 0.25. Pesa yako ni dola 3,000.

Strimu zimezidi mara mbili, pesa imezidi mara moja na nusu. Hakuna aliyeiba. Ukigawanya pesa kwa strimu utaona wastani umeshuka kutoka senti 0.4 hadi senti 0.3, lakini wastani huo ni matokeo ya hesabu, si bei aliyoipanga mtu. Ndiyo maana nasema usiwe unafuatilia idadi ya strimu peke yake. Fuatilia kama mfuko unakua, na kama wewe unakua kwa kasi kuliko wenzako wote kwa pamoja. Kama jukwaa zima limekua kwa asilimia 60 na wewe umekua kwa asilimia 40, umesikilizwa zaidi lakini sehemu yako imepungua.

Mfuko wenyewe unakua kwa njia mbili kubwa: watu wapya kujiunga, na ada kupandishwa. Watu wamejiunga kwa wingi. Kwa hesabu za IFPI, shirikisho la kampuni za kurekodi muziki duniani, akaunti za kulipia zilikuwa milioni 667 mwaka 2023 na milioni 752 mwaka 2024. Ada, kwa upande wake, ilikaa pale pale kwa muda mrefu sana. Spotify waliingia Marekani mwaka 2011 wakitoza dola 9.99 kwa mwezi, na ada ya mtu mmoja haikupanda huko mpaka Julai 2023. Miaka 12. Katika miaka hiyo kiasi ambacho mtu mmoja anasikiliza hakikukaa kikisubiri. Msikilizaji anayelipa dola zile zile na kusikiliza mara mbili zaidi hajaongeza hata senti mfukoni. Ameigawa ile ile vipande vidogo zaidi.

Mistari miwili ya taarifa yetu

Hiyo ilikuwa nusu ya jibu. Nusu ya pili ilikuwa ndani ya faili tuliyotumiwa na msambazaji, yule anayefikisha nyimbo zetu kwenye majukwaa, na hapa nakuomba usisome muhtasari wa ukurasa wa kwanza tu. Pakua faili kamili, ile yenye mistari mamia, uifungue kwenye programu ya majedwali.

Nilichokuwa sijakielewa kwa miaka miwili ya mwanzo ni kwamba mfuko si mmoja. Kila nchi ina wake, na ndani ya nchi waliolipia wana wao na wanaotumia bure wana wao. Ada ya mwezi katika nchi moja inaweza kuwa mara kadhaa ya ada ya nchi nyingine kwa jukwaa lile lile. Vifurushi vya familia na vya wanafunzi navyo huleta pesa kidogo kwa kila kichwa.

Sasa tazama mistari miwili iliyokuwa kwenye taarifa ile. Wimbo ule ule, mwezi ule ule, jukwaa lile lile. Mstari wa kwanza: wasikilizaji wa kulipia katika nchi yenye ada kubwa, strimu 12,400, dola 47. Mstari wa pili: wasikilizaji wa bure katika nchi ambako matangazo hayalipi sana, strimu 61,000, dola 31. Niliusoma mstari wa pili mara tatu nikidhani nukta imekosewa. Haikukosewa. Wimbo wetu ulikuwa umeshika kupitia video fupi ambazo vijana walikuwa wakizirushiana, na vijana wale wakaja kuusikiliza mzima kwenye akaunti za bure. Ongezeko lote la strimu 200,000, karibu lote, lilitoka kwenye mistari ya aina ya pili.

Namshukuru Mungu kwa vijana wale, kwa sababu wamejaza kumbi zetu tangu siku hiyo. Lakini mrabaha wao ndio huo.

Kwa hiyo kila taarifa ikifika, fanya hivi. Panga mistari kwa nchi, kisha kwa aina ya usajili, kisha ujumlishe strimu na pesa za kila kundi. Gawanya pesa kwa strimu ili upate wastani wa kila kundi, uandike pembeni. Ukifanya hivyo miezi mitatu mfululizo utaanza kuona mwenyewe ongezeko limetoka wapi, na hutashtuka tena. Utaona pia kwamba majukwaa hayalingani. Apple Music hawana akaunti za bure za kudumu, na mwaka 2021 waliwaandikia wanamuziki kwamba wastani wao ulikuwa karibu senti moja ya dola kwa kila kusikilizwa. Nao ni wastani, si bei. Usiubandike ukutani kama ahadi.

Angalia jambo jingine kwenye Spotify: kuna mpango uitwao Discovery Mode, ambapo wimbo unasukumwa zaidi kwenye redio za jukwaa na kwenye nyimbo zinazojipiga zenyewe, nao wanakata asilimia 30 ya mrabaha wa masta, yaani wa rekodi yenyewe, kwa strimu zilizopatikana kwa njia hiyo. Hulipi kitu mwanzoni, ndiyo maana watu husahau kwamba wamejiunga. Ukiona wastani umeshuka kwa ghafla, muulize aliyebofya.

Wimbo mmoja, haki mbili

Hapa ndipo pesa nyingi inapolala bila mwenyewe, na kama utasoma sehemu moja tu, isome hii.

Kila wimbo uliorekodiwa una hakimiliki mbili. Ya kwanza ni ya rekodi yenyewe, sauti iliyonaswa studio, ambayo tunaiita masta. Ya pili ni ya utunzi: maneno na melodia, ambayo ingekuwepo hata kama wimbo usingerekodiwa kamwe. Msambazaji wako, yule unayempelekea faili ili azifikishe kwenye majukwaa, kwa kawaida anakuletea pesa ya masta peke yake. Pesa ya utunzi inapita njia nyingine kabisa, kupitia vyama vya hakimiliki na wachapishaji wa muziki, yaani kampuni zinazosimamia haki za utunzi. Usipojiandikisha huko, inakusanywa, inakaa bila jina, na baada ya muda vyama huigawa kwa wengine kwa mujibu wa kanuni zao.

Si pesa ndogo. Marekani, kiwango kikuu kilichowekwa kwa ajili ya utunzi kwa miaka 2023 hadi 2027 kinaanza na asilimia 15.1 ya mapato ya jukwaa na kupanda hadi 15.35. Na pesa kulala si hadithi: shirika la The MLC, lililoanza kazi Januari 2021 kukusanya mrabaha wa kunakili utunzi huko Marekani, lilikabidhiwa na majukwaa dola milioni 424 Februari mwaka huo. Zote zilikuwa za miaka iliyotangulia, na zote zilikuwa hazijapata wenyewe.

Sisi tulichelewa miezi 14. Wimbo ulikuwa unasikilizwa, pesa ya masta ilikuwa inakuja, nasi tukadhani ndiyo yote. Mwimbaji wetu, ambaye ndiye mtunzi wa maneno, alikuwa anapokea sehemu sawa na sisi wengine huku haki yake ya pili ikiwa haina hata jina lake. Nilipomweleza hakusema neno la kunilaumu. Alileta daftari lake la mashairi siku iliyofuata, lile la jalada jekundu lenye tarehe kwa kila wimbo, tukakaa mezani tukaanza kujaza fomu mmoja baada ya mwingine.

Utakachofanya ni hiki. Jiunge kama mtunzi na chama kimoja cha hakimiliki. Chagua kilicho ndani ya mtandao wa CISAC, shirikisho la vyama vya watunzi duniani, kwa sababu vyama hivyo huwa na mikataba ya kukusanyiana. Utapewa namba yako ya utunzi, IPI, inayokutambulisha wewe kama mtu. Kisha sajili kila utunzi, nao utapata namba yake, ISWC. Uliza mapema kama chama kinakusanya haki zote mbili za utunzi, ya wimbo kuchezwa hadharani na ya kunakiliwa, kwa sababu kuna nchi ambako hizo zina milango tofauti. Uliza pia muda wa kudai za nyuma, uuandike kwenye kalenda. Sisi tulipata sehemu ya ile miezi 14. Iliyobaki ilikwisha kupita.

Namba ya wimbo ni roho ya wimbo

Masta nayo ina namba yake, ISRC, yenye herufi na tarakimu 12. Kila strimu duniani inahesabiwa kwa namba hiyo. Jina la wimbo linaweza kufanana na la mwingine, jina la msanii likaandikwa vibaya, lakini ISRC ndiyo inayosema pesa hii ni ya rekodi ipi.

Tulihama kutoka kwa msambazaji mmoja kwenda kwa mwingine kwa sababu ya makato. Yule wa kwanza tulimwandikia aondoe nyimbo, akaziondoa siku hiyo hiyo. Yule mpya alizipandisha na kuzipa ISRC mpya, maana mimi sikumpa za zamani. Asubuhi nilifungua simu nikakuta wimbo uliokuwa na zaidi ya strimu milioni unaonyesha sifuri. Kwenye orodha za nyimbo ambazo watu walikuwa wametuweka, nafasi yetu ilikuwa na jina la kijivu lisilobonyezeka. Ilichukua wiki sita za barua kurekebisha, na baadhi ya orodha zile hatukurudi tena.

Ukitaka kuhama, kwanza chukua orodha ya ISRC zako zote kwa msambazaji wa sasa. Kila wimbo upandishe kwa mpya ukiwa na ISRC ile ile, faili la sauti lile lile, jina na urefu vile vile. Subiri mpaka uone umeonekana kwenye majukwaa na hesabu zimeungana. Hapo ndipo unapomwandikia wa zamani aondoe. Siku chache za kuwa na nakala mbili hazina madhara. Siku moja ya kuwa bila hata moja ina madhara makubwa.

Kuna sababu nyingine ya kuilinda hesabu ya wimbo. Tangu mwanzo wa 2024, Spotify hawaulipi wimbo mrabaha wa masta mpaka uwe umefikisha strimu 1,000 ndani ya miezi 12 iliyopita. Kwa wimbo mkubwa si kitu. Kwa nyimbo zako ndogo ndogo, zile za albamu ya kwanza ambazo zinasikilizwa mara 70 kwa mwezi, ni tofauti kati ya kuhesabiwa na kutohesabiwa. Mara 70 kwa miezi 12 ni 840. Nina nyimbo tatu za namna hiyo, na nimejifunza kuzitaja jukwaani tunapopiga.

Karatasi ya mgawanyo, kabla ya kutoka studio

Andika nani ana asilimia ngapi ya masta na nani ana asilimia ngapi ya utunzi. Majina kamili ya kwenye kitambulisho, namba za IPI kwa walio nazo, tarehe, sahihi za wote, akiwemo prodyuza aliyetengeneza biti. Kila upande ufike 100 kamili. Watu wakisaini siku wimbo hauna msikilizaji hata mmoja, mazungumzo huchukua dakika kumi. Ukisubiri usikilizwe, dakika kumi hizo zinakuwa miezi, na vyama vikiona madai yamezidi asilimia 100 vinaweza kuzuia pesa ya wote mpaka mkubaliane.

Mpiga ngoma wetu ana robo ya masta ya kila wimbo. Kwenye utunzi alikuwa hana kitu, kwa desturi kwamba mdundo si utunzi. Lakini kwenye wimbo ule uliokua, ile namna yake ya kuingia kwa rimu, ule ukingo wa ngoma, kabla ya sauti ndiyo ambayo watu huipiga kwa vidole mezani. Mwimbaji mwenyewe ndiye aliyesema apewe asilimia 10 ya utunzi. Tukabadilisha karatasi, wote tukasaini, nikapeleka marekebisho kwenye chama.

Kama kuna lebo katikati

Hapa nitasema kwa kifupi kwa sababu mikataba hutofautiana sana. Lebo, yaani kampuni ya kurekodi, ikikupa malipo ya utangulizi, ile si zawadi, inarejeshwa kutoka kwenye asilimia yako. Tuseme ulipewa dola 10,000 na mkataba unakupa asilimia 20 ya masta. Wimbo ukiingiza dola 3,000, wewe unaandikiwa dola 600 za kupunguza deni, nazo 2,400 zinabaki kwa lebo. Ili deni liishe lazima wimbo uingize dola 50,000. Kwa hiyo strimu zinaweza kupanda kila mwezi kwa miaka miwili na mfukoni pakabaki pakavu, na kila karatasi ikawa sahihi. Kabla ya kusaini, fanya hesabu hiyo kwa namba zako mwenyewe, na uulize kama gharama za video na matangazo nazo zinaingia kwenye deni. Utunzi usiuchanganye humo bila kuelewa. Mtunzi mwenye chama chake huendelea kupokea upande ule hata akiwa na deni la masta.

Ongezeko ambalo si la watu

Strimu zikiruka ghafla kutoka mji mmoja ambao hujawahi kupokea hata ujumbe mmoja kutoka kwake, usifurahi haraka. Zitazame. Wasikilizaji wangapi, strimu ngapi kwa kila mmoja, wamehifadhi wimbo au la. Wasikilizaji 40 walioleta strimu 20,000 si wasikilizaji.

Kundi moja tunalofahamiana nalo lililipa mtu aliyewaahidi strimu 50,000 na nafasi kwenye orodha kubwa. Zilikuja kweli, kwa siku nne. Wiki chache baadaye wimbo uliondolewa, na mapato ya mwezi mzima yakazuiliwa pamoja na yale ya halali. Msambazaji wao hakuwa na la kuwasaidia, kwani tangu 2024 Spotify wanawatoza faini wasambazaji na lebo kwa kila wimbo uliokutwa na udanganyifu wa wazi, na wasambazaji wengi huihamishia faini hiyo kwa msanii.

Jambo hili linanikasirisha kuliko yote katika kazi hii. Ukirudi kwenye hesabu ya bahasha utaona kwa nini: mfuko ni wa wote kwa pamoja. Strimu ya uongo haiongezi hata senti ndani yake, inaongeza tu namba ya kugawanyia, kwa hiyo kila anayenunua anachota kwenye sahani ya mwenzake. Septemba 2024 waendesha mashtaka wa Marekani walimshtaki mtu wa North Carolina wakidai alitumia nyimbo zilizotengenezwa na akili unde na akaunti za mashine kujipatia zaidi ya dola milioni 10. Pesa ya namna hiyo hutoka kwenye mifuko ile ile ambayo mimi na wewe tunasubiri mgao wake.

Si kila jukwaa linagawa hivyo

SoundCloud tangu 2021 wana mpango ambao pesa ya msikilizaji inagawanywa kwa wasanii aliowasikiliza yeye tu. Katika mfumo wa kawaida, shabiki anayelipa dola 10 na kusikiliza nyimbo 20 tu kwa mwezi, zote zako, pesa yake karibu yote inakwenda kwa wanaosikilizwa na wengine. Katika mfumo wa SoundCloud, fungu lake lote la wasanii linakuja kwako. Deezer nao, kwa makubaliano na kampuni ya muziki ya Universal, walitangaza mwaka 2023 mpango ulioanzia Ufaransa: msanii mwenye angalau strimu 1,000 kwa mwezi kutoka kwa wasikilizaji 500 tofauti, strimu zake zinapewa uzito mara mbili. Zingatia hiyo 500. Inamaanisha mama yako na rafiki zako 20 wakirudiarudia wimbo usiku kucha hawakufikishi huko.

Kwangu mimi mfumo wa msikilizaji mmoja mmoja ndio wa haki zaidi, na nitalisema hilo popote. Mtu aliyelipa kwa ajili ya muziki anaoupenda angependa pesa yake imfikie aliyeutengeneza. Lakini panga bajeti yako kwa mfumo uliopo, si kwa unaoutamani.

Daftari la kila mwezi

Langu lina safu saba: mwezi wa kusikilizwa, mwezi wa kulipwa, jukwaa, nchi, aina ya usajili, strimu, pesa. Mwezi wa kusikilizwa na wa kulipwa ni safu mbili kwa makusudi, kwa sababu strimu za leo hulipwa baada ya miezi miwili au mitatu, na upande wa utunzi husubiri zaidi ya hapo. Anayelinganisha strimu za mwezi huu na pesa ya mwezi huu analinganisha vitu viwili visivyojuana. Weka pia ukurasa wa makato: asilimia ya msambazaji, gharama ya kutuma, kubadilisha fedha, na kodi. Kama hujajaza fomu ya kodi ya Marekani kwenye akaunti ya msambazaji, mapato yanayotoka huko yanaweza kukatwa asilimia 30 kabla hayajakufikia, kwa hiyo kaijaze leo.

Namba zisipolingana, usiandike barua ya hasira. Andika yenye jina la wimbo, ISRC, mwezi, nchi, strimu ulizoziona kwenye ukurasa wa msanii, na zile zilizo kwenye taarifa. Barua ya namna hiyo hujibiwa. Ya mwisho niliyopeleka ilikuwa na mistari minne, na aliyeugundua upungufu ule alikuwa mpiga ngoma. Siku hizi faili ikifika yeye ndiye anayeifungua kwanza, anapanga kwa nchi, kisha ananipigia: "Dada, fungua mstari wa 212."